Mashimo Katika Sauti ya Shangazi

Kituoni walimwita Uhakika, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Ukimwambia mvua inanyesha, atakuuliza, "Una uhakika?" Ukimwambia chai imeiva, hivyo hivyo. Fundi wa mitambo aliwahi kumtania kwamba siku yake ikifika, malaika atatakiwa kwanza aonyeshe kitambulisho. Uhakika akajibu kwamba malaika mwenye shughuli halali hana sababu ya kuogopa kukionyesha.

Alikuwa mwandishi wa programu katika kituo cha redio. Hiyo si kazi ya kutajwa hewani. Watangazaji walisalimiwa barabarani kwa majina yao. Yeye alipigiwa simu pale tu kitu kilipogoma. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, kati ya stoo ya karatasi na choo ambacho mlango wake haukuwahi kufunga sawasawa. Kilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta, na mlango uliozuiwa usijifunge kwa printa iliyokwisha kufa zamani. Alikipenda chumba hicho. Watu walifika kwa shida, na waliofika hawakukaa.

Nyumbani aliishi na shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, aliyemlea tangu akiwa mtoto mdogo. Alipokuwa msichana aliuliza mara nyingi alifikaje kwa Shangazi, na kila mara alipata jibu lile lile: "Ulikuja kwa miguu yako, viatu vina tope, ukaniharibia zulia." Jibu hilo lilimchanganya, maana nyumbani kwao hapakuwahi kuwa na zulia. Sakafu ilikuwa ya saruji iliyosuguliwa mpaka inang'aa, na Shangazi mwenyewe aliyaita mazulia mabweni ya vumbi. Mwisho Uhakika aliacha kuuliza. Kwa mtu kama yeye, kuacha kuuliza lilikuwa jambo kubwa.

Shangazi huyo hakuwa wake peke yake. Kwa miaka mingi, kila Jumamosi asubuhi, alisimulia watoto hadithi katika redio hiyo hiyo, na watoto wa mji mzima walimwita Shangazi. Kisha uvimbe ukamwota kooni. Madaktari wakamkata, wakamwokoa, na sauti ikaenda na uvimbe. Siku hizi alizungumza kwa macho, kwa kugonga meza, na kwa mnong'ono mwembamba uliomlazimu mtu ainamishe sikio. Ukali wake haukupungua hata chembe. Kumbe ukali wa mtu haukai kooni.

Na jambo la kushangaza ni kwamba enzi zake, Shangazi hakusifiwa kwa kusema. Alisifiwa kwa kunyamaza. Angemfikisha mfinyanzi wa hadithi yake mlangoni mwa tanuri, mkono juu ya kifuniko, moto ukivuma ndani, halafu kimya. Watoto majumbani wakipiga kelele, wengine wakijificha nyuma ya makochi, naye ametulia tu na kidole kimesimama. Mafundi wa studio walikuwa na desturi yao juu ya kimya hicho. Akinyamaza, fundi anashusha swichi ya kipaza sauti mpaka chini kabisa, asisikike akimeza mate au bangili zikigongana. Kidole kikilala, swichi inapanda. Kwa hiyo katika rekodi zake, pale aliponyamaza palikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Hapakuwa na mvumo wala pumzi.

Usafi huo ndio uliokuja kumponza.

Diski za zamani zilizohifadhi vipindi zilikuwa zinakufa moja baada ya nyingine, na kituo kikaamua kuhamishia kila kitu kwenye seva mpya. Fundi wa mitambo, waliyemwita Chuma kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiugua, alikodi mashine ya uokoaji. Mashine ilisoma diski mbovu kidogo kidogo; ilichoweza kukisoma ilikiandika, ilichoshindwa ilikiruka na kusonga mbele. Kisha mafaili yakanakiliwa kwa muda kwenye seva, yakaguliwe kabla ya kuhamishiwa maktaba yake. Meneja akaleta programu ya kuyakagua, iliyosikiliza kila rekodi na kutafuta kimya kirefu, maana palipopotea sauti husikika kimya. Yenye kimya yakapigwa muhuri wa ubovu.

Jumatatu kukawa na kikao.

"Vipindi vya hadithi," Meneja alisema, akishusha miwani, "karibu vyote vimeoza. Nasikitika. Najua yule bibi ni mama yako."

"Ni shangazi yangu. Lakini kweli ni mama yangu. Una uhakika vimeoza?"

Wengine wakacheka chini chini. Meneja hakucheka. "Programu imesikiliza. Kimya kila mahali, tena kimya kitupu. Siwezi kujaza seva mpya mafaili mabovu."

"Yeye ndivyo alivyosimulia. Alikuwa ananyamaza."

"Kila baada ya dakika mbili?"

"Na zaidi, akiwa na raha."

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuja kituoni baada ya Shangazi kustaafu, na hakuwahi kumsikia akinyamaza, ungemlaumu vipi? Akafikiri kidogo. "Sawa. Ijumaa mchana lori linachukua diski za zamani zikasagwe, na mashine ya Chuma inafutwa, inarudi kwa mwenyewe. Kabla ya hapo niletee faili, niambie hili ni zima, nionyeshe umejuaje. Nitalihamishia maktaba. Usiponionyesha, linafutwa."

Alitoka kikaoni. Sauti ya Shangazi ilikuwa imekwisha kooni. Sasa ilitaka kuisha hata mahali pekee ilipobaki. Alihesabu kuwa akishindwa atalazimika kurudi nyumbani Ijumaa na kumwambia mwanamke yule kwamba hadithi zake zimesagwa kwa sababu ya kunyamaza kwake. Hakuwa tayari. Akaisukuma printa kwa mguu, akafunga mlango, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akajifunga kibwebwe.

Tatizo lenyewe alilielewa vizuri. Mashine ya uokoaji inaporuka sehemu iliyoshindwa kuisoma, faili hubaki na shimo. Ni kama mtu aliyetangaza nyumba ya vyumba kumi, akajenga saba, na milango akaipaka namba zote mpaka kumi. Ukiuliza ukubwa, utaambiwa kumi. Ukibisha chumba kisichojengwa, kompyuta haisemi hakuna kitu humu. Inakujibu kwa adabu: sifuri, sifuri, sifuri. Na swichi ya kipaza sauti ikiwa chini kabisa, rekodi nayo huandika sifuri, sifuri, sifuri. Kwa sikio, kimya cha Shangazi na shimo la diski ni kitu kimoja. Hata ukisoma faili namba kwa namba, hutaona tofauti. Tofauti ni kwamba kimya kimeandikwa, kimekaa mahali kwenye diski, kimelipiwa nafasi. Shimo halikuandikwa na mtu yeyote.

Kwa hiyo faili lisisikilizwe. Liulizwe lilivyojengwa.

Akafungua ukurasa mtupu, akaandika kwa lugha ya C, lugha kavu isiyombembeleza mtu, ambayo kwa sababu hiyo hiyo waliivana. Programu ilikuwa fupi. Ilimwita stat, karani wa mfumo, ambaye kwa kila faili hutoa majibu mawili: ukubwa linaodai, na idadi ya vipande vya diski lilivyopewa kweli, kila kipande baiti mia tano na kumi na mbili. Zidisha vipande, linganisha na dai. Kama nafasi halisi ni ndogo kuliko dai, mtu huyu ametangaza vyumba ambavyo hakujenga.

Akaiendesha kwenye seva mpya, akakunja mikono, akangoja.

Mashimo. Hadithi ya kwanza ina mashimo, ya pili, ya tatu, zote mpaka mwisho. Hakuna iliyopona. Uhakika alishika tama. Kisha akaenda kwenye kile choo kisichofunga, akaushikilia mlango kwa kisigino, akalia kama mtoto. Wanaosema watu wa kompyuta hawalii hawajawahi kusimama nje ya mlango ule.

Aliporudi na macho mekundu aliona orodha bado inashuka kwenye kioo. Ilikuwa imemaliza hadithi na kuingia kwenye habari, nazo zilikuwa na mashimo. Taarifa ya asubuhi ile ile, iliyorekodiwa moja kwa moja kwenye seva mpya, ambayo yeye mwenyewe aliisikiliza akinywa chai neno kwa neno, nayo ilikuwa na mashimo.

"We mpumbavu," alijiambia kwa sauti, na alifurahi kweli kuwa mpumbavu.

Seva mpya ilikuwa ikibana data. Kila faili lililoingia lilikunjwa likae padogo, kama nguo ndani ya sanduku. Bila shaka nafasi ilikuwa ndogo kuliko dai. Tena sifuri ndizo zilizokunjwa kuliko vyote, kiasi kwamba hapo kwenye seva kimya na shimo vilikwisha kuwa ndugu wa tumbo moja. Kuuliza pale kulikuwa kupoteza wakati. Palibaki mahali pamoja tu pa kuuliza, kwenye mashine ya uokoaji yenyewe, yenye diski ya kawaida isiyokunja kitu.

Alimkuta Chuma katika chumba cha mitambo anakunja nyaya. Chumba kile kilikuwa baridi kama jokofu, na Chuma alikuwa na fulana tu.

"Usiifute," Uhakika alisema kabla ya salamu.

"Na wewe habari za mchana. Naifuta kesho. Sipendi kazi ya kubanana dakika za mwisho, unanijua."

"Chuma, nakuomba. Mpaka Ijumaa."

Akamtazama, akaona yale macho. Akaziacha nyaya. "Kuna nini?"

Akamweleza. Chuma alisikiliza huku akijikuna kidevu, kisha akasema, "Lakini kunyamaza kwake si tuliandika wenyewe? Yule fundi aliyenifundisha kazi ndiye alikuwa anashusha swichi. Hakuwahi kukosea."

"Ndiyo maana nakuuliza, na ujibu vizuri. Mashine yako ilipokuta sifuri iliyoandikwa, iliiandika? Au iliiruka kuokoa nafasi? Una uhakika?"

"Ilichosoma iliandika, hata kama ni sifuri. Ilichoshindwa ndicho iliruka. Nimeipanga mimi mwenyewe." Akatungua koti msumarini akamtupia. "Vaa. Ukigandishwa humu nitaulizwa mimi."

Jumanne nzima na Jumatano alikaa mle ndani, amevaa koti lililomfika magotini. Programu ya kwanza sasa ilisema kitu cha maana. Hadithi nyingi, nyingi sana, zilikuwa na vipande vyote zilivyodai. Zilikuwa nzima. Kimya chote kiliandikwa. Alipoona hivyo alipiga meza kwa kiganja, mara mbili, kama afanyavyo Shangazi akikubali kitu. Zilizopungukiwa zilikuwa chache, nazo angeweza kuzitaja kwa majina.

Lakini kujua kwamba shimo lipo hakumtoshi mtu anayetaka kuliziba. Chuma alisema diski za zamani zingeweza kusomwa tena taratibu, kwa kurudi nyuma, sehemu ngumu tu. "Ila uniambie sehemu ipi. Sizungushi diski ya kizee kutwa nzima, itakufa mikononi mwangu."

Basi akaandika programu ya pili. Hii ilimwita lseek, ambaye kazi yake ya kila siku ni kumpeleka msomaji mbele au nyuma ndani ya faili, lakini ukimpa neno SEEK_HOLE hukupeleka mpaka mwanzo wa shimo linalofuata, na ukimpa SEEK_DATA hukupeleka palipoandikwa tena. Unakwenda hivyo, shimo, data, shimo, data, mpaka mwisho, unaandika kila mpaka. Ilimpendeza sana. Aliiendesha mbele ya Chuma, kwa majivuno kidogo, lazima tuseme.

Kila faili lilikuwa na shimo. Moja moja, kila faili.

Chuma akakohoa. "Hata hili? Hili si umelitengeneza wewe jana, la kujaribia?"

Uhakika alivuta kiti. Alisoma tena maelezo ya lseek, mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo, mpaka akakuta sentensi aliyoiruka kwa haraka zake: mwisho wa kila faili huhesabiwa kuwa ni shimo, hata faili likiwa zima.

"Kila kitu kina shimo mwishoni," Chuma alisema alipoelezwa. "Hata mimi nitakuwa nalo."

"Usinichekeshe, nina kazi."

Ilikuwa kuongeza sharti moja tu: shimo likianzia pale pale ukubwa wa faili unapoishia, hilo si shimo, ni mlango wa kutokea. Safari hii hakujivuna. Alitengeneza mafaili ya majaribio, mengine mazima, mengine aliyoyaruka kwa makusudi mahali alipopajua mwenyewe, akayapitisha yote. Programu ikapakuta kila mahali alipoficha, na haikusingizia mahali popote. Ndipo akaipa hadithi.

Chuma alichukua mipaka ile akaenda kukaa na diski zake. Alizisoma kwa subira ambayo hakuna aliyejua anayo, akizisemesha kama ng'ombe wa maziwa. Mashimo yakaanza kuzibika. Mengine yalizibika yote, mengine nusu. Hadithi mbili zilikataa kabisa, na Uhakika akakubali, akaziandikia wazi mahali sauti ilipopotea ili asije mtu akadanganywa.

Asubuhi ya Alhamisi ikabaki moja, hadithi ya mfinyanzi. Aliiacha ya mwisho kwa sababu aliiogopa.

Hadithi ile watu wa mji waliijua kwa jina jingine. Waliiita siku redio ilipokatika. Shangazi alifika kwenye tanuri, akanyamaza, na hakurudi. Kilikuwa kimya kirefu kuliko vyote, kirefu mpaka watu wakapiga redio zao makofi, wakabadilisha betri. Kisha akarudi akamalizia, na hakueleza kitu, siku hiyo wala baadaye. Kila mtu kituoni aliamini mtambo ulizimika. Uhakika pia aliamini hivyo. Kama kuna faili moja lililokuwa na shimo duniani, basi ni hili.

Programu ikajibu: hakuna shimo.

Akaiendesha tena. Hakuna shimo. Akarudi kwenye stat, akahesabu vipande kwa kalamu. Vilitimia. Akapitisha mafaili yake ya majaribio upya, kuona kama programu imechoka. Haikuchoka. Alijitahidi sana kuikamata inadanganya, akashindwa.

"Chuma," aliita, "hapa pameandikwa kitu."

"Sifuri basi. Swichi ilikuwa chini."

Akafungua namba zenyewe atazame. Hazikuwa sifuri. Zilikuwa ndogo mno, lakini zilitikisika. Siku ile swichi haikushushwa. Fundi aliyekuwa hajawahi kusahau, alisahau; au hakuwapo kwenye kiti chake.

Uhakika akavaa vipokea sauti, akapandisha sauti mpaka juu.

Kwanza ilikuja mvumo, kama mtu aliyefunika kipaza sauti kwa kiganja. Kisha mlango. Mwanamume akasema, "Ingieni, lakini tuko hewani." Huyo alikuwa fundi, mbali na swichi yake. Mwanamke mwingine akanong'ona, pumzi zikimruka, "Dada, samahani. Kaka yako. Hospitali wameniambia nikuletee mtoto." Shangazi akauliza kitu kifupi, hakikusikika. Mwanamke akasema, "Saa hii hii. Ametutoka."

Halafu hakuna aliyesema kitu. Palikuwa na pumzi tu, ndefu, ikiingia na kukataa kutoka.

Halafu viatu vidogo. Sauti ya mtoto ikasema kwa wasiwasi, "Viatu vyangu vina tope."

Na Shangazi akasema, kwa ile sauti yake ambayo haipo tena, chini chini, karibu kabisa, "Acha vichafue zulia, mama. Kaa hapa miguuni pangu, usiseme. Shangazi anamalizia hadithi, halafu tunakwenda nyumbani."

Kiganja kikaondoka. Mfinyanzi akafungua tanuri.

Uhakika alivua vipokea sauti akaviweka mezani kwa uangalifu. Zulia lilikuwa la studio. Lipo mpaka leo, la kijivu, anapita juu yake kila siku akienda kurekebisha nyaya. Alifunika uso kwa mikono ya lile koti. Chuma alimtazama, akasogeza kiti chake karibu, akakaa bila kuuliza, na hilo ni jambo ambalo Uhakika hakulisahau.

Mchana Meneja alikuja mwenyewe. Aliziona programu, akaona mafaili ya majaribio, akauliza maswali ya maana, akajibiwa. Akasaini hadithi zote zihamishwe. Ni mtu wa neno lake. Alipofika kwa mfinyanzi akasita.

"Hili nalo lihamishwe. Lakini pale katikati tukate. Tukilirusha hewani watu watadhani tumezimika."

"Hapakatwi," alisema Uhakika.

"Una uhakika?"

Chuma akakohoa ndani ya ngumi. Uhakika akampa Meneja vipokea sauti, na akamwacha asikilize. Meneja alisikiliza amesimama. Alipomaliza alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa chafu.

"Hapakatwi," akasema.

Jioni Uhakika alimkuta Shangazi mezani anachambua mchele, jua la mwisho likiingia jikoni. Akamwamkia. Shangazi akagonga meza mara moja, yaani kaa, umechelewa. Uhakika akaweka spika ndogo kati yao, akasema, "Shangazi, hadithi zako zimepona. Nimekuletea moja."

Mfinyanzi alipoanza kutembea kuelekea tanuri, Shangazi alitabasamu na kuendelea kuchambua. Alijikosoa mahali pawili kwa kutikisa kichwa. Kisha kimya kikaja, na Uhakika akapandisha sauti mpaka mwisho.

Mkono wa Shangazi ulisimama juu ya mchele. Mlango ukafunguka, fundi akasema, mwanamke akanong'ona. Shangazi hakumtazama Uhakika. Aliinua kile kiganja polepole, akakiweka juu ya spika, kama alivyokiweka siku ile, ili mji usisikie. Lakini sauti ilipenya katikati ya vidole vyake, na mtoto akasema kuhusu tope, na midomo ya Shangazi ikaanza kucheza, bila sauti, neno kwa neno pamoja na rekodi: kaa hapa miguuni pangu, usiseme.

Uhakika akateremka kwenye kiti, akakaa kwenye saruji, akaegemeza kichwa kwenye goti la Shangazi. Wakasikiliza hadithi mpaka ilipokwisha.